Embe, Ndimu na Mtungi

Msikilizaji, kama uko Ring'wani, mkoani kwetu Mara, saa hizi na redio umeiweka kivulini, jua unaliona mwenyewe, sina haja ya kukuhadithia. Vuli imekwisha, masika bado iko mbali, upepo unapeperusha vumbi, na ng'ombe waliotoka kunyweshwa wanakimbilia mti kabla ya mchungaji wao. Majira hayo hayo ndiyo ya maembe. Sokoni yamepangwa mafungu juu ya magunia, mengine yamejazwa kwenye sado na makarai. Chini ya miembe kuna mengine tena yasiyo na mwenyewe: watoto wamekula mpaka wameyakinai, mbuzi nao wameyakinai, yaliyobaki yanaoza na kuita inzi. Hatua chache kutoka hapo kuna duka, na mbele ya friji la duka hilo amesimama mtu mzima mwenye miembe mitatu nyumbani kwake, anahesabu hela ya soda ya machungwa ambayo chungwa lenyewe haijawahi kuliona.

Basi leo tuzungumze kokteli.

Nasikia mtu anacheka huko Majimoto. Kokteli, anasema, ni mambo ya hotelini: glasi yenye mguu mrefu, kipande cha nanasi kimening'inia ukingoni, na kamwavuli ka karatasi ambako sijapata kuelewa kanamkinga nani na mvua gani. Ni kweli, huko mbugani kwa jirani zetu mambo yako hivyo. Mtalii akishuka kwenye gari pale kambini anapokewa na kitambaa chenye ubaridi cha kufutia uso, na glasi ya juisi. Jioni gari linasimamishwa penye mandhari ya kupendeza, meza inafunguliwa, chupa zinapangwa, jua linatua watu wakiwa na glasi mkononi. Lakini kilichomo ndani ya glasi zile hakikutoka mbali kama tunavyodhani.

Chukua Dawa, ambayo huenda ndiyo kokteli yenye jina kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Sifa yake ilianzia mgahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Asili yake ni Brazili, kwenye kinywaji chao kiitwacho caipirinha: ndimu iliyopondwa na sukari, pombe ya miwa, na barafu. Nairobi wakaiacha pombe ya miwa wakatia vodka, wakaongeza asali, na kijiti cha kupondea wakakiacha humo humo ndani ya glasi ili mnywaji aendelee kuikamua ndimu yake taratibu. Sasa ondoa vodka uangalie kilichobaki. Ndimu, asali, kijiti, na ubaridi. Ndimu tunazo. Asali tunayo, tena ya nyuki wetu. Kijiti hata kukitaja ni utani. Kinachotusumbua ni ubaridi tu, na huo nitaufikia.

Kwanza nieleze jambo ambalo mchanganyaji yeyote wa kaunta, awe wa London au wa Mugumu, analijua kwa ulimi wake hata kama hajawahi kulisoma. Kinywaji cha matunda ni mvutano wa utamu na uchachu. Embe likizidi kuiva, sukari yake inapanda na uchachu wake unashuka. Ndiyo maana juisi ya embe tupu, hata ikiwa ya embe dodo zuri kabisa, inachosha kabla hujafika katikati ya glasi. Inakuwa nzito mdomoni kama uji wa jana. Kamulia ndimu moja humo uonje tena. Embe ni lile lile, lakini sasa limeamka. Papai nalo ni hivyo hivyo, tamu lisilo na uchachu, bila ndimu halisemi kitu. Pasheni iko upande wa pili, uchachu inao wa kutosha na kubaki. Ukwaju ni uchachu mtupu. Nanasi peke yake ndilo lililobarikiwa vyote viwili, na nadhani ndiyo sababu linajivika taji.

Kwa hiyo usichanganye matunda kwa kuangalia rangi. Changanya tamu na chachu. Embe na pasheni, hapo umefika. Papai na ndimu, au papai na chungwa lile lisiloiva vizuri. Tikiti maji ni maji yenye utamu kidogo, linahitaji ndimu na majani ya mnanaa. Kisha utie chumvi, mama, chumvi kidogo sana, ile inayobaki kati ya vidole viwili. Chumvi haiji kukoleza kama kwenye mboga. Inazima uchungu na kuufanya utamu usikike zaidi.

Tuandae jagi moja basi, lile la lita tatu hivi. Utataka lita moja ya rojo ya embe. Hapa nina ubishi wangu na watu wa mjini. Wao wanatafuta dodo na bolibo, au yale mekundu ya kupandikiza, kwa sababu hayana nyuzi. Kwa kula, sawa. Kwa kinywaji mimi nachukua embe la kienyeji, lile dogo lenye nyuzi ambalo mtoto hulitoboa kichwani na kulifyonza. Harufu yake ni kali kuliko ya hayo makubwa, na nyuzi zinabaki kwenye chujio. Brenda huna? Usihangaike. Menya, weka kwenye beseni safi, kamua kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni mpaka kokwa zibaki nyeupe, kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma na mwiko. Lakini kabla ya kumenya, lipasue embe ulitazame. Kuna inzi wa matunda aliyetoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na hakuchukua muda akawa amevuka mpaka. Anataga mayai ndani ya tunda likiwa bado mtini, nje huoni kitu ila kitundu kidogo, ndani ni funza watupu. Embe la namna hiyo lisirudi chini ya mti, maana ndipo kizazi kinachofuata kinapotokea. Funga kwenye mfuko uache juani, au fukia chini kabisa.

Sukari usiimwage moja kwa moja kwenye maji baridi. Itazama, itakaa chini ya jagi, wa kwanza kumiminiwa atakunywa maji na wa mwisho atakunywa shira. Basi tengeneza hiyo shira mwenyewe: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, chemsha na tangawizi iliyopondwa, ukipenda na majani ya mchaichai, ipua, iache ipoe. Shira ikiwa baridi inachanganyika na kitu chochote, na unaitia kidogo kidogo ukionja. Asali nayo iyeyushe kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Wakati sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 na bei ikapaa, waliokuwa na maembe mabivu waligundua kwamba nusu ya ile sukari waliyozoea haikuhitajika kabisa.

Rojo lita moja, maji lita mbili, ndimu nne, shira kiasi cha ulimi wako, ile chumvi. Koroga. Ndimu ikamuliwe mwisho, karibu na kunywa, maana harufu yake haikai. Kama una kinu cha kupondea tangawizi, hakikisha si kile cha vitunguu saumu. Hakuna mkwe atakayesahau.

Usitie papai wala nanasi bichi kwenye maziwa ukayaacha. Ni papai hilo hilo tunalolipaka nyama ngumu ili ilainike. Likikutana na maziwa linafanya kazi ile ile, na ukirudi baada ya saa moja utakuta uchungu.

Sasa ubaridi, na pamoja na ubaridi nitazungumza maji, kwa sababu hayo mawili yanaua watu yakifanywa ovyo. Wako wanaoamini barafu ni safi kwa sababu ni baridi. Kugandisha hakuui vimelea vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo; kunavilaza tu, barafu ikiyeyuka ndani ya glasi vinaamka. Mkoa wetu wa Mara unakijua kipindupindu, hakuna haja ya kukumbushana misiba. Barafu itokane na maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota vizuri kwa dakika nzima, na maji ya kuzimulia juisi yawe hayo hayo. Juisi haichemki baada ya hapo. Chochote ulichokiacha kwenye maji kitaingia tumboni kama kilivyo.

Nani ana friji? Umeme umefika vijiji vingi, lakini nguzo kupita mbele ya nyumba si sawa na friji kuwa ndani. Hapa ndipo ninapomtetea mtungi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kina vitundu visivyoonekana. Maji yanapenya polepole mpaka ukuta wa nje, yanageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Jinsi hewa inavyokuwa kavu ndivyo mtungi unavyofanya kazi vizuri. Yaani jua hili linalotutesa ndilo linaloupoza mtungi. Mwezi wa nne mvua ikinyesha na hewa ikiwa na unyevu, hata mtungi mzuri unakuwa mvivu. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga uliolowana. Kaskazini mwa Nigeria alikuwepo mwalimu, Mohammed Bah Abba, aliyechukua vyungu viwili, akatia kimoja ndani ya kingine, katikati akajaza mchanga na kuumwagilia maji, juu akafunika kitambaa kibichi. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, kwa sababu mboga za wakulima zilikaa wiki kadhaa pale ambapo zilikuwa zinaoza kwa siku chache. Wafinyanzi bado tunao. Chungu chako kikikaa hivyo, jagi la juisi likakaa ndani, hutapata ubaridi wa kuumiza meno, lakini utapata ule wa kisima cha asubuhi, na kwangu huo ndio unaoiacha harufu ya tunda isikike. Barafu nyingi inaufanya ulimi usinzie.

Nije kwenye jambo linalonikera zaidi. Mgeni hupewa soda. Tumekubaliana hivyo bila kikao. Mkwe akitokea njiani, kabla hajavua kofia, mtoto ameshatumwa dukani mbio na chupa tupu mkononi. Kama hakuna hela ya soda, mama mwenye nyumba anaona aibu, anaanza kuomba radhi, wakati dirishani kwake mwembe umeinama kwa uzito. Ukimletea mgeni juisi ya embe lako atainywa, ataisifu, ila akifika kwao kuna atakayeuliza: hivi walikupa nini? Na yeye atajibu kwa sauti ya chini, juisi. Kama vile alinyimwa.

Aibu hiyo imetoka wapi sijui, lakini naijua bei yake. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina gramu 37 hivi za sukari, vijiko tisa vya chai. Hakuna mwenyeji ambaye angemtilia mgeni vijiko tisa kwenye kikombe cha chai akamtazama usoni. Na nisijifanye mtakatifu, juisi nayo ina sukari. Tunda likishakamuliwa, sukari yake inahesabiwa pamoja na ile ya kutia. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka mpaka nusu ya hapo ni vizuri zaidi. Ndiyo maana nasema lita mbili za maji kwa lita moja ya embe, na ndiyo maana ninasisitiza ndimu: inakuzuia kufukuzia utamu. Mwenye kisukari aonje, asijaze glasi.

Kama mgeni lazima aione chupa ndipo aheshimike, fanya hivi. Nunua soda ya tangawizi moja tu. Mimina rojo ya embe na pasheni kwenye glasi mpaka katikati, kamulia ndimu, kisha juu yake mimina soda hiyo taratibu ipande povu. Chupa moja itatosha glasi tatu au nne. Weka jani la mnanaa. Mgeni ataulizwa walikupa nini, na atakosa jina la kutaja.

Na mrija? Mrija ni wetu, bwana. Wazee wa Kikuria walikaa wakizunguka chungu cha pombe ya nafaka wakiwa na mirija mirefu, kila mmoja na wake, kabla ya yeyote kati yao kuiona glasi ya kokteli. Huko Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Marvin Stone aliyechoka kunywa kwa bua la ngano nyeusi, kwa sababu lilikuwa linalainika na kuacha ladha ya nyasi kwenye pombe yake yenye mnanaa. Akazungushia karatasi kwenye penseli, akaigundisha, na mwaka 1888 akapata hataza ya mrija wa karatasi. Wazee wetu wangemcheka, kwani yeye alikunywa peke yake.

Sasa kileo. Nikikaa kimya mtasema nimekwepa, na wengine wenu mlikuwa mnasubiri hapa tu. Wewe mura, kijana unayesikiliza na pikipiki imeegeshwa pembeni, nisikilize vizuri. Matunda hayapunguzi kileo, yanakificha. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo chenyewe. Konyagi ina asilimia 35. Mililita 71 tu zinakufikisha pale pale, na ukizichanganya na embe na ndimu utazimaliza kwa mafunda manne kwa sababu koo halikatai. Bia inakushibisha, inakuchelewesha. Kokteli inateleza. Anayejua kazi yake anapima toti moja, mililita 30, kwenye glasi iliyojaa, halafu anampa mnywaji glasi ya maji. Na anayeendesha hapimiwi kabisa. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba mwezi Machi 2017 ilijua kilichokuwa kinatokea vijiweni: kinywaji kikali kwa bei ya mfukoni, kwa mtu ambaye dakika kumi baadaye anabeba abiria. Chupa ndogo zilizokuja baada ya viroba hazijawa na huruma zaidi.

Gongo usiiguse. Achana na sheria kwanza, ingawa sheria nayo inakataza. Hakuna ajuaye kilichomo, na pombe iliyochafuliwa na methanoli inapofusha kabla ya kuua. Maembe elfu hayawezi kuirekebisha.

Wengine mtauliza, maembe yakiisha? Katikati ya mwaka, kiangazi kile kirefu, nyumbu wakiwa wanavuka Mto Mara huko mbugani na majani yamekuwa ya kahawia, ndipo mikwaju inapokuwa na matunda makavu yanayopasuka ukiyagusa. Ukwaju hauozi, unakusubiri. Loweka kwenye maji ya moto, acha upoe, fikicha kwa mkono mpaka nyama iachane na mbegu, chuja, tia shira ya tangawizi na chumvi. Watu wa pwani hufuturu nao, na wana haki. Mimi nauchanganya na maji ya maganda ya nanasi: ukishakula nanasi lako la Geita, osha maganda vizuri, chemsha na tangawizi, chuja. Kuna watu wanaotupa maganda, Mungu awasamehe. Ila ukiyaacha maganda hayo mabichi kwenye maji na sukari kwa siku mbili tatu kwenye joto hili, yatachacha na kutoa povu. Wamexico wanafanya hivyo kwa makusudi, wanaita tepache, na kina kileo kidogo. Wewe ukiwa na watoto nyumbani, chemsha siku hiyo hiyo na umalize siku hiyo hiyo. Parachichi kutoka ng'ambo ya mto, kule nyanda za juu za Tarime, nalo hunywewa, likipondwa na ndimu. Bila ndimu linageuka rangi ya udongo kabla hujatafuta glasi.

Mzee mmoja ameniuliza kuhusu sherehe, anaoza binti na anaogopa makreti ya soda. Hesabu yake ni hii, mzee wangu. Watu 100, kila mmoja glasi mbili za robo lita, ni lita 50. Lita 16 za rojo, lita 32 za maji, lita mbili za shira. Ndimu 65, au 70 kwa kuwa nyingine huwa kavu. Maji yachemshwe jana yake jioni na kufunikwa, yalale kwenye mitungi. Maembe yamenywe alfajiri, yasimenywe usiku. Changanya ndoo moja moja kadiri watu wanavyokunywa, usichanganye zote kwa pamoja. Ndoo ziwe na mifuniko, kata ya kuchotea iwe moja na mkono wa kuchota uwe mmoja, glasi za kuazima zioshwe kwa maji ya moto. Na anayeonja ateuliwe mapema, tena awe mmoja, maana wakionja mashangazi wanne kila mmoja ataongeza sukari yake.